Ukurasa Mmoja, Dakika Moja

Ukurasa mmoja wa skripti ya filamu hukadiriwa kuwa dakika moja kwenye skrini. Skripti ya kurasa 95 ni filamu ya saa moja na nusu hivi. Ile ya kurasa 140 itamfanya mtayarishaji aanze kuuliza nani atalipia hizo dakika za ziada, hata kabla hajalijua jina la mhusika mkuu. Kanuni nyingi za mpangilio ambazo waandishi chipukizi huziona kama usumbufu, fonti ileile moja, pambizo zilezile, herufi kubwa hapa na si pale, zimetokana na makadirio hayo au zipo ili kuyalinda. Mwandishi aliyepewa kanuni bila sababu yake huitii hata pale isipomfaa, na huivunja pale itakapowagharimu wenzake. Ndiyo maana napenda tuzipitie pamoja na sababu zake.

Tuanze na herufi. Skripti huchapwa kwa fonti ya Courier, pointi 12. Howard Kettler aliichora kwa ajili ya taipureta za IBM katika miaka ya 1950, na sifa yake kuu ni kwamba kila herufi hupewa upana uleule, iwe i nyembamba au m nene. Herufi 10 hujaza inchi moja ya upana, mistari 6 hujaza inchi moja kwenda chini. Ukurasa hubeba mistari kama 55, na hakuna namna ya kuubana wala kuutanua pasipo kuonekana. Ukihamia Times New Roman ya ukubwa huohuo, maneno mengi zaidi yataingia, kurasa zitapungua, lakini muda wa filamu utabaki palepale. Kipimo kimeharibika, na wa kwanza kupotoshwa ni mwandishi mwenyewe.

Pambizo ya kushoto ni inchi 1.5, ili pawe na nafasi ya kutoboa na kubana karatasi. Pande nyingine ni inchi 1. Mazungumzo hayatandazwi ukurasa mzima. Huanza inchi 2.5 kutoka ukingo wa kushoto na kushuka katika safu yenye upana wa inchi 3.5 hivi, jina la msemaji likiwa juu yake kwa herufi kubwa. Muigizaji akitupa jicho mara moja anayaona maneno yake. Neno refu lisilotosha mwisho wa mstari, tuseme "watakapotusimulia", halikatwi vipande viwili; hushushwa zima, ili anayelisoma kwa sauti asijikwae.

Hapa kuna jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Vipimo hivi vilizaliwa Marekani, kwenye karatasi yao ya inchi 8.5 kwa 11. Sisi tunachapa kwenye A4, ambayo ni nyembamba kuliko hiyo kwa milimita 6 na ndefu kwa milimita 18. Milimita hizo 18 ni mistari minne kila ukurasa. Katika skripti ya kurasa 100 hiyo ni mistari 400, yaani zaidi ya kurasa saba zilizofichika. Ongeza pambizo ya chini mpaka ukurasa urudi kwenye mistari yake 55, na ufanye hivyo kabla ya kuandika onyesho la kwanza.

Sasa kichwa cha onyesho, mstari ambao kwangu ndio wenye kazi kubwa kuliko yote katika skripti. Una mambo matatu: ndani au nje, mahali, na wakati. Waandishi wanaofuata vifupisho vya Kiingereza huandika INT. na EXT.; anayeandika kwa Kiswahili aandike NDANI na NJE bila wasiwasi wowote, mradi asichanganye. Kwa mfano:

NDANI. SEBULE YA MZEE SALUM – USIKU

Mstari huu husomwa na watu wengi wasiofuatilia hadithi. Mtu wa taa anasoma USIKU na kujua mizigo yake. Anayetafuta maeneo anasoma SEBULE. Mwongozaji msaidizi anakusanya maonyesho yote ya sebule hiyo, hata kama moja liko ukurasa wa 6 na jingine wa 88, ayapange yapigwe siku moja, maana filamu hairekodiwi kwa mfuatano wa hadithi. Programu za kuandikia skripti hutengeneza orodha ya maeneo kutokana na vichwa hivi. Ukiandika SEBULE YA MZEE SALUM mwanzoni, halafu mbele ukaandika NYUMBANI KWA MZEE SALUM, SEBULENI, programu itahesabu maeneo mawili. Msomaji wa kawaida hatagundua. Mpangaji wa ratiba asipokuwa makini, atagundua siku ambayo gari la vifaa limeshaondoka.

Na wakati usiandikwe kwa mapenzi tu. ALFAJIRI ni neno tamu, lakini kwetu karibu na ikweta mapambazuko hayakai. Kutoka giza hadi mwanga kamili ni kama nusu saa. Onyesho la kurasa nne lililoandikwa ALFAJIRI litawaamsha watu saa tisa usiku kwa siku kadhaa mfululizo ili kuchota dakika chache za mwanga kila siku. Kama hadithi inadai alfajiri, iandike na uitetee. Kama haidai, andika ASUBUHI.

Chini ya kichwa huja maelezo ya tendo, kwa wakati uliopo, na yenye kile tu kinachoweza kuonekana au kusikika. Tazama vipande hivi viwili:

Rehema ana wasiwasi. Biashara imekuwa ngumu tangu mumewe aache kutuma pesa, na leo wateja ni wengi kuliko chakula.

Rehema anafunua sufuria. Wali umefika nusu. Anahesabu sahani mezani: tano. Anainua macho kwenye foleni. Watu tisa. Anabadilisha upawa, anachukua mdogo.

Cha kwanza ni taarifa, na kamera haina pa kuielekea. Cha pili kina sufuria, sahani, foleni na upawa. Mtu wa vifaa anajua alete nini, muigizaji ana kitu cha kufanya kwa mikono yake, na wasiwasi umeingia bila kutajwa. Mume asiyetuma pesa itabidi atafutiwe mlango mwingine, labda simu anayoiangalia mara mbili. Vilevile kipande cha pili kinachukua muda ukurasani unaokaribiana na muda wake kwenye skrini. Ukifupisha tendo refu kuwa mstari mmoja, kama "Soko linateketea", umeandika sekunde tatu ambazo mtayarishaji atazilipia usiku mzima. Skripti ya kuuza, ile ambayo bado inatafuta mtayarishaji, haiwekwi namba za maonyesho wala maagizo ya kamera; hayo huongezwa filamu ikishaingia kwenye maandalizi.

Kuna alama ndogo mbili zinazochanganywa kila mara. Sauti ya mtu asiyekuwepo mahali pa onyesho, kama msimulizi au aliye upande wa pili wa simu, huwekewa V.O. mbele ya jina. Mtu aliyepo jirani lakini haonekani kwenye picha, tuseme mama anayeita kutoka jikoni, huwekewa O.S. Fundi wa sauti anaziangalia kwa makini: ya kwanza kwa kawaida inaweza kurekodiwa studio wiki kadhaa baadaye, ya pili inamhitaji muigizaji siku ileile, nyuma ya ukuta.

Ukurasa pia hugawanywa. Watu wa ratiba huupima kwa sehemu nane, na onyesho fupi kabisa huhesabiwa sehemu moja. Onyesho la ukurasa mmoja na nusu huandikwa 1 4/8. Hesabu hairahisishwi, kwa sababu sehemu za siku nzima zitajumlishwa pamoja. Vichekesho vya televisheni vinavyorekodiwa kwa kamera kadhaa mbele ya watazamaji vina utaratibu mwingine, mazungumzo yao huachiwa nafasi mara mbili, na ukurasa wao ni kama nusu dakika.

Skripti ikishagawiwa kwa idara, kurasa zake hufungwa. Mwandishi bado anaweza kubadilisha, ila namba hazisogei tena. Mabadiliko ya ukurasa wa 45 yakizidi nafasi, ziada inakwenda 45A, na 46 inabaki 46. Onyesho jipya baada ya la 12 linakuwa 12A. Lililofutwa huacha namba yake mahali pake na neno la kuonyesha kwamba limeondolewa. Mstari uliobadilika huwekewa nyota pembezoni mwa kulia, na kurasa mpya huchapwa kwa rangi: baada ya nyeupe huja buluu, kisha pinki, njano, kijani na kuendelea, ingawa mpangilio hutofautiana kati ya kampuni na kampuni. Bajeti, mavazi na ratiba ya magari vyote vimeandikwa kwa kurejelea namba hizo. Mwandishi anayetuma faili jipya lenye namba mpya katikati ya upigaji picha amewaharibia kazi watu thelathini kwa mguso mmoja.

Je, kanuni zavunjika? Ndiyo, na kwa faida, pale mwandishi anapojua anavunja nini. Scott Beck na Bryan Woods waliandika A Quiet Place, filamu ya 2018 isiyo na mazungumzo mengi, katika kurasa 67 tu, na baadhi zina neno moja au machache, ili msomaji ahisi ukimya kwa macho. Filamu yenyewe ni ya dakika 90. Aaron Sorkin alikwenda upande wa pili. Skripti yake ya The Social Network, filamu ya 2010, ilikuwa na kurasa 162, na kwa hesabu ya kawaida hiyo ni filamu ya karibu saa mbili na dakika arobaini. Studio ilitaka ipunguzwe. Mwongozaji David Fincher alimketisha Sorkin, akamsomesha skripti yote kwa kasi ambayo wahusika wangeongea, huku akipima muda onyesho kwa onyesho. Ikatoka saa mbili. Kwenye seti waigizaji walipewa muda huohuo wa kila onyesho, na filamu iliyotoka ina dakika 120.