Figo Mbovu na Dawa ya Sindano

Mkulima anayenyunyizia shamba lake maji hujua kwamba ni lazima maji yapate pa kutokea. Mfereji wa chini ukizibika, maji huzidi kujaa hata mizizi ikaoza, ingawa yanayoingia ni yale yale ya kila siku. Ndivyo zilivyo dawa za kuua vijidudu katika mwili wa mtu mwenye figo mbovu.

Figo ni mbili, nazo zimekaa upande wa mgongo, chini ya mbavu. Kwa siku moja huchuja kadiri ya lita 180 za maji ya damu, zikarudisha karibu yote mwilini na kutoa uchafu kwa mkojo. Dawa nyingi hutoka kwa njia hiyo hiyo.

Jambo hili lilionekana wazi mjini Oxford, Uingereza, mwaka 1941. Askari polisi mmoja, Albert Alexander, aliyekuwa na majipu mabaya, alipewa penisilini, dawa iliyokuwa haba mno wakati ule. Figo zake ziliitoa upesi sana, hata madaktari wakakusanya mkojo wake, wakaitoa dawa iliyomo na kumtia tena. Akaanza kupata nafuu, lakini dawa ikaisha, naye akafa tarehe 15 Machi.

Figo zikiwa mbovu, mambo hugeuka. Tazama dawa iitwayo jentamaisini. Kwa mtu mwenye figo nzima, nusu ya dawa hiyo hutoka katika damu kwa muda wa saa 2 au 3. Figo zikiharibika sana, nusu hiyo yaweza kukaa zaidi ya siku nzima. Sindano ya pili huikuta ya kwanza ingalimo. Dawa ikizidi hivyo, hudhuru masikio, na kuziharibu zaidi figo zenyewe. Mgonjwa husikia mlio masikioni au kizunguzungu, na uziwi wake mara nyingi hauponi. Streptomaisini nayo ina hatari hiyo. Lakini doksisaiklini hutoka zaidi kwa njia ya matumbo, basi kipimo chake kwa kawaida hakibadilishwi.

Wako watu ambao wakisikia hayo hujipunguzia dawa wenyewe. Hilo ni kosa kubwa. Mara nyingi kipimo cha kwanza hutolewa kamili, kwa maana vijidudu vya mgonjwa wa figo si dhaifu kuliko vya mtu mwingine. Vipimo vinavyofuata ndivyo hupunguzwa au hucheleweshwa, na daktari hukadiria baada ya kupima damu.

Mwenye ugonjwa wa sukari, mwenye shinikizo la damu la miaka mingi, na mzee yeyote, wote yafaa waulize, maana figo huweza kudhoofika bila maumivu yoyote. Tena usimpe mtu dawa iliyobaki ya ng'ombe, kama wengine wafanyavyo. Hata katika figo za ng'ombe jentamaisini hukaa kwa miezi mingi.

Ukienda hospitali, chukua pakiti za dawa zote unazomeza, hata za maumivu zilizonunuliwa dukani. Kabla ya sindano, mwambie daktari kama una ugonjwa wa figo, au kama mkojo umepungua na miguu imevimba. Masikio yakianza kulia, rudi siku hiyo hiyo kabla ya kudungwa sindano nyingine.