Port Louis, stempu mbili na makosa feki

Kama umekuwa ukidhani stempu ni mambo ya mabuda wa miwani ya kamba, siku ukijipata Morisi ulizia Caudan Waterfront, pale Port Louis. Kando ya bahari, katikati ya maduka ya luku na hoteli za watalii, kuna kajumba kanaitwa Blue Penny Museum. Kalifunguliwa 2001, na benki ya hapo, Mauritius Commercial Bank, ndio ilikaanzisha. Ndani kuna ramani za kitambo, stori za meli, na sanamu ya Paul na Virginie yenye Prosper d'Épinay alichonga, na hiyo usiipite mbio juu ni noma. Lakini tusidanganyane. Watu hulipa kuingia wacheki tukaratasi tuwili.

Na hatuonyeshwi ovyo. Chumba ni giza, na zile orijino huwashiwa taa kama dakika kumi hivi kila saa. Ukifika wakati taa imezimwa unacheki kopi tu. Mwanga hula rangi pole pole, na hizi zimekuwa duniani tangu 1847. Mimi na beshte yangu tuliwahi mapema, tukasimama na watalii wengine hapo kwa giza kama watu wanangoja mat ya mwisho tao, kila mtu kimya, hakuna kupiga picha.

Taa ikawaka. Moja ni rangi ya chungwa inaingilia nyekundu, ya peni moja. Ile ingine ni bluu nzito, ya peni mbili. Kwa zote kuna kichwa ya Malkia Victoria ameangalia kushoto, na ukikaribia kioo unaona herufi J na B zimefichwa pale chini ya shingo. Beshte akanidunga kiwiko: "Buda, hii ndio wanapigia kelele?"

Namwelewa. Malkia amechorwa kama mtu alikuwa anakimbizwa. Hizo herufi ni za Joseph Osmond Barnard, jamaa wa Uingereza alikuwa anapiga hasla ya kuchonga vitu hapo Port Louis. Alipewa kazi na serikali, akachonga hizo stempu mbili kwa bamba moja la shaba, moja kando ya ingine. So kila akichapa anatoa moja ya peni na moja ya peni mbili, basi. Walitaka 500 za kila aina. Hesabu mwenyewe huyo msee aliinama kwa hiyo mashine mara ngapi. Zikatoka Septemba 21, 1847: ya peni ni ya barua za hapo tao, ya peni mbili ni ya zile zinatoka nje ya tao. Uingereza ilikuwa imeanza stempu 1840, na hakuna koloni yake ingine ilikuwa imetoa zenye kichwa ya Malkia kabla ya Morisi.

Sasa skiza zilitumika wapi. Bibi ya gavana, Lady Gomm, alikuwa na bash Septemba 30, na zingine za hizo stempu zikabandikwa kwa bahasha za mwaliko. Kadi ya bash, wasee! Leo angerusha tu kwa grupu ya WhatsApp na nusu ya watu wamute. Wageni wakafungua, wakasoma, wakatupa. Ndio maana zenye zinajulikana zimebaki duniani hazifiki 30.

Doo ilikuja baadaye. 1904 mtoi wa mfalme wa Uingereza, yule alikuja kuwa George V, alimwaga pauni 1,450 kwa moja ya peni mbili. Inasemekana msee wa kazi yake alimuuliza kama ameskia kuna fala amenunua stempu na hiyo pesa yote, akajibiwa fala ndiye anaongea naye. Hizi mbili za Port Louis zilinunuliwa na makampuni za Morisi 1993 kwa mnada huko Zurich, karibu dola milioni mbili. Kwa doo yetu ya leo hiyo ni kama mita 250.

Na kuna ile stori kila mtu hutokanga nayo hapo: ati Barnard alisahau maneno aliambiwa aweke, akatembea akauliza posta, akaona jengo limeandikwa POST OFFICE, akachonga hivyo badala ya POST PAID. Tamu sana. Ilishika moto na kitabu ya Georges Brunel ya 1928. Shida ni kwamba wenye walichimba makaratasi ya serikali ya wakati huo hawakupata makosa yoyote, na mihuri ya posta enzi hizo ilikuwa na POST OFFICE pia. POST PAID ilikuja na stempu za 1848, hapo ndio watu wakaanza kuunganisha dots zao. Lakini nani atakubali? Stori ya msee kusahau inauza kushinda stori ya msee kufanya kazi yake fiti.

Kitu inanikera ni kwamba sisi Kenya tuko na makosa ya ukweli na hakuna anabonga. 1971 Posta ilitoa stempu za makombe ya bahari, zilichorwa na Rena Fennessy, na mimi naziweka mbele ya hizo za Barnard bila kufikiria mara mbili. Ile ya senti 70 ina nautilus, mistari yake ya kahawia imekaa safi kabisa, lakini jina la kisayansi lilikosewa: "pompileus". 1974 wakachapa ingine, "pompilius". Hapa hakuna kitendawili, ni spelingi ilichomeka ikatembea kwa barua za watu mpaka ocha.

Hakuna benki itatujengea nyumba ya giza juu ya hiyo. Zilichapwa mob, hakuna bash ya gavana, hakuna prinsi alisota juu yake. Lakini kama shosho yako hujaza barua za kitambo kwa kasha chini ya kitanda, mwombe ruhusa vizuri, tafuta ya senti 70, soma hayo maneno madogo polepole. Ukipata yenye makosa nirushie picha. Doo yake itakutoa lanchi, labda na chapo mbili.