Petroli na Dawa Zake kwa Motakaa za Zamani

Wako watu wenye motakaa ndogo za mwendo wa kasi zilizoundwa zamani, nao huzitunza kama mtu atunzavyo farasi wa mbio. Jambo linalowatatiza siku hizi ni petroli. Motakaa ni ile ile, lakini petroli imegeuka. Wakiingia dukani huona chupa nyingi zimepangwa, na kila moja yadaiwa kuwa ni dawa. Leo twapenda kueleza petroli imegeuka namna gani, na chupa ipi yafaa kwa ugonjwa upi. Maana dawa ya jicho haiponyi tumbo.

Na tutwae mfano mmoja, motakaa iitwayo MGB, iliyoundwa Abingdon, Uingereza, tangu mwaka 1962 hata 1980. Injini yake ina silinda nne, na hedi yake ni ya chuma cha kusubu. Ugonjwa uwezao kuipata kwa ajili ya petroli ni wa namna tatu.

Ugonjwa wa kwanza ni kugonga. Pistoni ikipanda hubana mchanganyiko wa hewa na mvuke wa petroli, kisha plagi hutoa cheche. Katika MGB nyingi mbano ni 8.8 kwa 1, yaani kilichojaza vibaba 8.8 hubanwa hata kikaenea katika kibaba kimoja. Petroli ikiwa haiwezi kustahimili mbano huo, sehemu yake hulipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Dereva husikia mlio kama wa changarawe katika kopo la bati, hasa apandapo mlima kwa gia kubwa. Mlio huo usipuuzwe, maana huweza hata kutoboa pistoni.

Uwezo wa petroli kustahimili mbano hupimwa kwa hesabu iitwayo oktani. Uingereza petroli ya kawaida ni ya 95, na iliyo bora ni ya 97 au zaidi. Lakini tusidanganyike: injini isiyogonga haipati nguvu mpya kwa kutiwa oktani nyingi zaidi. Tena mahali pana neno lake. Nairobi iko juu, hewa yake ni nyepesi, na mbano hupungua. Kwa hiyo motakaa iliyotulia Nairobi yaweza kugonga ikishuka Mombasa. Ikigonga, kwanza nunua petroli bora, kisha fundi aangalie wakati wa cheche, kwa kuwa cheche ikija mapema mno injini hugonga. Ndipo ufikirie chupa ya kuongeza oktani. Nayo isome vizuri, maana mara nyingi "pointi" moja iliyoandikwa humo ni sehemu ya kumi tu ya oktani moja.

Ugonjwa wa pili watokana na kuondolewa kwa madini ya risasi. Mwaka 1921 Thomas Midgley, mtaalamu wa Marekani, alivumbua kwamba risasi kidogo katika petroli huzuia kugonga. Ikaonekana baadaye kuwa yafanya na kazi ya pili: huacha utando mwembamba mahali valvu ya moshi inapokalia, ambapo mafundi hupaita siti. Pasipo utando huo, valvu yenye joto kali hushikana na chuma laini cha siti, na kila inapoinuka hung'oa chembe. Siti huliwa, valvu huzama, na mwisho haifungi sawasawa ikaungua.

Hata hivyo hatuna haja ya kuililia risasi. Ni sumu, na hudhuru ubongo wa watoto. Uingereza ilikoma kuiuza petroli yake kwa watu wote mwanzoni mwa mwaka 2000. Nchi za Afrika kusini ya Sahara, karibu zote, zikafuata kufikia mwanzo wa 2006. Na mwaka 2021 Algeria ikawa ya mwisho duniani kuiacha kwa motakaa za barabarani.

Je, mwenye MGB afanyeje? Kwanza ajue hedi yake ina siti gani, kwa kuwa nyingi zimekwisha badilishwa. Kama ni za asili, apime mara kwa mara nafasi ya valvu. Nafasi ikizidi kupungua kila ipimwapo, siti yaliwa. Aendaye polepole huchelewa kuona hasara. Aendaye mbio safari ndefu huiona upesi. Dawa ni mbili. Ya kwanza ni chupa ya kushika mahali pa risasi, yenye potasi, sodiamu, fosforasi au manganisi, itiwe kwa kipimo kila tangi lijazwapo. Wala aina mbili zisichanganywe. Ya pili ni kutia pete za siti za chuma kigumu siku hedi ifunguliwapo. Pete zikiisha kutiwa, chupa hiyo haina kazi tena. Datsun 240Z, iliyoshinda mashindano ya Safari mwaka 1971 na 1973, ina hedi ya alumini, nayo ilitoka kiwandani na siti za kutiwa. Basi kila motakaa iulizwe habari zake yenyewe.

Ugonjwa wa tatu ni mpya, nao ndio tunaouogopa zaidi. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ya Uingereza yaweza kuwa na ethanoli, yaani kileo, hata sehemu 10 katika 100. Ethanoli huvuta maji, huleta kutu katika tangi, na hulainisha au kupasua mipira ya zamani. Katika MGB kabureta ziko juu ya bomba la moshi lililo moto. Mpira ukivuja, petroli hudondoka papo hapo, na motakaa yaweza kuteketea pamoja na dereva. Iko dawa ya chupa ya kuzuia kutu, lakini hakuna iponyayo mpira uliooza. Mipira yote ibadilishwe kwa ile iliyotengenezwa kuhimili ethanoli; itumiwe petroli bora yenye ethanoli kidogo, ikipatikana; na isiachwe tangini miezi mingi bila motakaa kutembea.

Basi, Mabibi na Mabwana, kabla ya kufungua mfuko wa fedha, sikilizeni injini, pimeni valvu, na pitisheni mkono juu ya mipira ya petroli injini ikiwa baridi. Mkisikia harufu ya petroli, motakaa isiwashwe hata fundi aione. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na mpira mmoja ni rahisi kuliko motakaa nzima.