KUZAA KISIWA PANZA: USINGOJE UCHUNGU NDIPO UTAFUTE BOTI!

Kina dada wa mjini! Nyinyi uchungu ukiwashika saa nane za usiku, mtu anatumwa barabarani, teksi inakuja, safari ya hospitali imeanza. Sasa hebu jiweke Kisiwa Panza, kule kusini mwa Pemba. Teksi yako ni boti na barabara yako ni bahari, na bahari haipokei amri ya mtu.

Mie nilikwenda huko kwa harusi ya binamu yangu. Wenzangu wanangoja pilau, mie nikajibanza kwa bibi mmoja mkunga, ambaye watoto aliowapokea hesabu imempotea. Shikamoo, marahaba, nikamuuliza: bibi, hivi kinachowaua wazazi hasa ni nini? Akanijibu, "Mjukuu wangu, mie mikono ninayo. Damu sina."

Basi hapo ndipo penye kazi. Mama akishajifungua, damu ikawa haikatiki, anaweza kufariki ndani ya saa mbili tu. Kuna kifafa cha mimba, kuna mtoto aliyelala vibaya tumboni. Kituo kidogo cha afya kitapima presha na kumzalisha mwenye uzazi mwepesi, lakini kisu na damu ya kuongezewa ni hospitali. Kwa watu wa Panza hiyo ni Abdalla Mzee ya Mkoani, iliyojengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa 2016.

Kufika huko unavuka kwa boti mpaka Chokocho, kisha unatafuta gari. Mchana maji yamejaa, raha mustarehe. Usiku upepo wa kusi unavuma, au maji yamekupwa na boti imekaa juu ya tope, hapo saa mbili ni chache mno.

Tena bado hatujahesabu muda unaopotea nyumbani. Mume yuko dago anavua. Mama mkwe anasema "ngojeni kwanza". Hela ya petroli inachangwa mlango kwa mlango huku mgonjwa analegea. Bahari inalaumiwa bure, wakati nusu ya safari imekwama ukumbini!

Sasa nikupe jambo litakalokushangaza. Uingereza, Vita Kuu ya Pili. Mabomu yanaanguka London, taa zote zimezimwa usiku kwa amri. Ungedhani wazazi walikufa kama kuku, sivyo? Vifo vilipungua! Kule England na Wales, mwaka 1934 walikufa zaidi ya wazazi 400 katika kila vizazi 100,000. Kufikia 1945, vita vinaisha, wakawa chini ya 200.

Walifanyaje? Sheria ya 1936 ilizitaka serikali za mitaa ziwe na wakunga waliosomea, wanaolipwa mshahara. Dawa za salfa za kuzuia homa ya uzazi zikaingia miaka hiyo hiyo. Benki za damu zikafunguliwa. Wajawazito wakapewa maziwa ya bei ya chini au ya bure.

Jingine ndilo lililonigusa zaidi: vita vilipoanza Septemba 1939, wajawazito zaidi ya 12,000 walihamishwa mapema kwenda sehemu za salama. Jumba la kitajiri la Brocket Hall likageuzwa hospitali ya wazazi, wakazaliwa humo watoto zaidi ya 8,000. Hawakungoja bomu lianguke ndipo watafute gari.

Sisi hatuna mabomu, tuna maji kupwa, na kwa bahati nzuri saa zake zinajulikana. Mwenye mimba ya kwanza, mwenye mapacha, mwenye presha, aliyewahi kupigwa kisu, hao wiki za mwisho wahamie kwa ndugu Mkoani. Mpemba gani asiye na ndugu Mkoani? Hela ya petroli iwekwe kando mapema, hata ya mwani. Mume kabla ya kwenda dago aseme wazi: mke wangu akiumwa, asingojwe mtu. Ndugu wawili wajiandae kutoa damu. Na bibi mkunga asiachwe nyuma, apande boti na mgonjwa wake, kwani ndiye anayemjua.

Inawezekana. Takwimu za taifa za Tanzania zinaonyesha vifo vya uzazi vilikuwa 556 katika kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16, vikashuka hadi 104 mwaka 2022. Lakini mama mmoja akifia botini, hiyo 104 haimsaidii mwanawe kitu.

Kaka zangu, harusi tunaichangia miezi sita kabla, kadi, sare, ukumbi na keki. Uzazi tunauchangia mama akishaanza kulia. Tugeuze, jamani!