Sura ya 6: Nani Anakipima Kipimamvua?

Tuseme leo asubuhi mwangalizi wa hali ya hewa huko Gisenyi ameandika milimita 27 kwenye daftari lake, na mwenzake wa Goma ameandika 31. Kati yao kuna kilomita chache na mpaka mmoja, ule wa Grande Barrière. Takwimu za kwanza zitakwenda Meteo Rwanda, Kigali. Za pili zitakwenda METTELSAT, wakala wa hali ya hewa wa Kongo, Kinshasa. Tofauti ni milimita nne. Je, Goma ilinyeshewa zaidi, au Goma ina chombo kinachokusanya zaidi?

Majibu yote mawili yanawezekana, na hapo ndipo ugumu ulipo. Mvua za radi zinazozaliwa juu ya Ziwa Kivu na kwenye miteremko ya Virunga huweza kweli kulowesha mtaa mmoja na kuuruka wa pili. Lakini vyombo viwili vya aina tofauti, vikiwekwa uwanja mmoja chini ya mvua ileile, navyo havitoi jibu moja. Mtu anayechora ramani ya mvua bila kulijua hilo anaweza kuchora mpaka wa nchi akidhani anachora hali ya hewa.

Tuanze na chombo chenyewe. Kipimamvua cha kawaida ni faneli, chupa ya kupokelea na silinda ya kupimia. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwenye kila mita ya mraba ya ardhi. Kwa kuwa hakuna anayetega faneli ya mita nzima ya mraba, tunakinga eneo dogo kisha tunafanya hesabu ya kulinganisha. Faneli ya mtindo wa Kiingereza, iliyotumika sana Kenya, Uganda na Tanganyika, ina kipenyo cha inchi tano, yaani milimita 127, na eneo lake ni karibu sentimita za mraba 127. Kwa faneli hiyo, milimita moja ya mvua ni mililita 12.7 za maji. Mtindo wa Kifaransa hutumia mdomo wa sentimita za mraba 400, na hapo milimita moja ni mililita 40. Silinda huchorwa mistari kulingana na faneli yake. Silinda ya Kiingereza ikivunjika na mtu akaokota ya Kifaransa kabatini, mvua yake yote kuanzia siku hiyo itapungua mara tatu na zaidi. Hakuna kitakachoonekana kimeharibika: maji ni safi, mwandiko ni mzuri, saa tatu asubuhi imezingatiwa. Ukame utakuwa umetokea ndani ya kabati.

Faneli hizo mbili zinatofautiana pia kwa kimo. Ukingo wa ile ya Kiingereza hukaa sentimita 30 hivi juu ya ardhi, na ule wa Kifaransa mita moja. Boris Sevruk, mtaalamu wa Uswisi aliyeutumia muda mwingi wa maisha yake ya kazi kwenye suala hili, pamoja na mwenzake Klemm, waliorodhesha mwaka 1989 vipimamvua rasmi vya mataifa mbalimbali na kupata zaidi ya aina 50. Kila aina ina mdomo wake, kimo chake na rangi yake, na kila nchi huitetea ya kwake, kwa sababu kuibadilisha ni kuvuruga kumbukumbu za miaka mingi.

Kimo kina shida gani? Daktari wa London, William Heberden, aliiona shida hiyo kabla ya kuielewa. Kuanzia Julai 1766 alitega vyombo vitatu kwa mwaka mzima: kimoja chini, kimoja juu ya paa la nyumba, na cha tatu juu ya kanisa la Westminster Abbey. Chombo cha juu kabisa kilikusanya zaidi kidogo tu ya nusu ya kile cha chini. Watu wenye akili zao walidhani matone hunenepa yakishuka. Ilipita karibu karne nzima kabla ya William Stanley Jevons, ambaye baadaye angejulikana zaidi kama mwanauchumi, kueleza mwaka 1861 kwamba mchawi ni upepo. Hewa inapokutana na chombo hulazimika kukipita juu, huongeza mwendo pale mdomoni, na matone madogo huchukuliwa na kuvushwa upande wa pili. Kadiri unavyopanda juu ndivyo upepo unavyozidi, na ndivyo chombo kinavyonyang’anywa. Kwa maneno mengine, kipimamvua huifukuza sehemu ya mvua kwa kule kusimama kwake tu.

Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) lilipoanza kuratibu majaribio ya kimataifa, lilihitaji chombo kimoja cha marejeo ambacho wengine wote wangepimwa nacho. Wataalamu wakachagua kipimamvua cha Kiingereza, wakakiinua hadi mita moja, na kukizungushia kinga ya upepo ya vibamba vya chuma vinavyoning’inia, iitwayo kinga ya Alter. Nchi zikatega vyombo vyao kando yake na kuandika kwa miaka. Matokeo yakawa aibu ya kisayansi ya aina ninayoipenda: chombo cha marejeo chenyewe kilikuwa kikipoteza mvua kwa sababu ya upepo. Hakimu alikuwa na kesi ileile ya washtakiwa.

Ndipo wakarudi kwenye wazo la zamani, ambalo Waingereza walikuwa wamelijaribu katika karne ya 19: kukizika kipimamvua. Unachimba shimo, unakiweka chombo ndani mdomo ukiwa sawasawa na uso wa ardhi, kisha unafunika nafasi iliyobaki kwa kimia cha vyumbavyumba ili matone yanayogonga ardhi yasirukie ndani. Upepo hauna cha kukwepa, hivyo unapita. Kati ya 1972 na 1976 nchi zaidi ya ishirini zililinganisha vyombo vyao na shimo la namna hii, na ripoti ya Sevruk na Hamon ikatoka mwaka 1984. Siku hizi shimo la marejeo lina kanuni zake za ujenzi. Ulaya wamezichapisha kwa namba EN 13798.

Kutokana na kazi hizo, mwongozo wa WMO unatoa makadirio ya maji yanayokosekana. Kwa mvua isiyo theluji, upepo huchukua asilimia 2 hadi 10. Maji yanayong’ang’ania kuta za faneli na chupa bila kufika kwenye silinda ni asilimia 2 hadi 15. Mvukizo huondoa hadi asilimia 4. Matone yanayoruka, kuingia au kutoka, ni asilimia 1 au 2. Karibu yote hayo yanavuta upande mmoja, wa kupunguza. Kwa hiyo unaposoma kwamba mji fulani ulipata milimita kadhaa kwa mwaka, uwezekano mkubwa ni kwamba ulipata zaidi. Na nchi inayonyesha rasharasha nyingi hupoteza zaidi kuliko inayonyesha mvua chache za kishindo, kwa kuwa kila manyunyu hulipa upya ushuru wa kulowesha faneli kavu.

Hadi hapa tumezungumzia kiasi. Lakini usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023, watu zaidi ya 130 walipopoteza maisha magharibi na kaskazini mwa Rwanda, na mto Sebeya ukaingia majumbani wilayani Rubavu, kiasi cha siku nzima hakikuweza kueleza kila kitu. Milimita zilezile zikinyesha kwa saa kumi shamba hufurahi. Zikinyesha kwa saa moja mlima huporomoka. Tarehe 4 Mei, ng’ambo ya mpaka, Bushushu na Nyamukubi wilayani Kalehe zilifunikwa na maji na matope, na waliokufa walikuwa zaidi ya 400. Anayetaka kutoa tahadhari anahitaji kujua kasi ya mvua dakika kwa dakika, na mwangalizi anayefungua chupa mara moja asubuhi hawezi kumpa.

Chombo kinachotumika sana kwa kazi hiyo kina vikombe viwili vidogo vilivyokaa kama bembea chini ya faneli. Kimoja kikijaa, bembea inapinduka, maji yanamwagika, cha pili kinakaa chini ya tundu, na swichi inahesabu moja. Hebu tukitazame kwa karibu. Faneli ni ya sentimita za mraba 400, na kila mpinduko ni milimita 0.2, basi kikombe kinabeba mililita 8, kijiko na nusu cha chai. Mvua ya kawaida ya milimita 10 kwa saa inakipindua kila baada ya sekunde 72. Mpinduko wenyewe huchukua kama nusu sekunde, na katika nusu ya kwanza ya mwendo huo maji bado yanaingia kwenye kikombe ambacho tayari kimejaa. Robo sekunde katika 72 si kitu. Sasa iache mvua ifike milimita 200 kwa saa, ya aina ile ambayo mabati ya Goma hayaruhusu mtu kusikia simu. Mpinduko unatokea kila sekunde 3.6, na robo sekunde hiyohiyo ni karibu asilimia 7 ya maji yaliyopotea. Chombo kinadanganya zaidi pale tunapokihitaji zaidi.

Ukweli huu ulijulikana. Kilichokosekana ni kujua kila mtengenezaji ameushughulikia vipi. Baada ya kikao cha wataalamu huko Bratislava mwaka 2001, WMO iliandaa jaribio la maabara mwaka 2004 na 2005 katika vituo vitatu: Genoa nchini Italia, Trappes Ufaransa na De Bilt Uholanzi. Aina 19 za vyombo zilimiminiwa maji kwa kasi zinazojulikana. Bembea zisizo na masahihisho zilishindwa kwenye kasi kubwa, kama hesabu yetu inavyotabiri; zenye masahihisho, ama ndani ya kifaa chenyewe au kwenye programu inayopokea takwimu, ziliweza kubaki ndani ya asilimia 5 inayotakiwa. Vipimamvua vya mizani, ambavyo hupima uzito wa maji yanayolundikana, vilikuwa sahihi sana pale maji yalipotiririka bila kubadilika, ila baadhi vilichelewa kujibu kasi ilipobadilika ghafla.

Maabara haina upepo wala majani makavu. Kwa hiyo kuanzia Oktoba 2007 hadi Aprili 2009 vyombo 30 vilisimamishwa nje, Vigna di Valle, kituo cha jeshi la anga la Italia kando ya ziwa Bracciano, vikilinganishwa na vinne vilivyozikwa shimoni. Vyombo vinavyokinga maji na kusahihishwa vizuri viliibuka na heshima. Vile vya kisasa visivyokinga chochote, vinavyosoma matone kwa miale ya leza au rada, havikukubaliana vizuri na shimo licha ya bei zake. Hilo si hukumu ya milele, ila ni onyo kwa yeyote anayenunua kwa kuangalia picha za katalogi.

Italia si Kivu. Jaribio la namna hii lingefanyika Grande Barrière, tatizo la kwanza lingekuwa shimo: upande wa Goma sehemu kubwa ya mji imekaa juu ya lava, na lava ya Januari 2002 ilifunika hata kipande cha njia ya ndege. Kulichimba jiwe hilo ni kazi ya nyundo na wiki kadhaa. Kisha kuna volkano ya Nyiragongo. Moshi wake hufanya mvua kuwa na tindikali, hasa magharibi ambako upepo huupeleka mara nyingi, na tindikali inayokula mabati haiwezi kuiheshimu faneli ya bati wala nyaya za swichi. Majivu nayo huziba tundu, na tundu lililoziba hutoa takwimu ya ajabu kabisa: mvua kali inayonyesha polepole kwa siku nzima, kwa utulivu, hata baada ya jua kutoka.

Kwa bahati, vituo vilivyo jirani hivi vinaweza kupimana vyenyewe bila shimo. Unajumlisha mvua ya Gisenyi mwezi baada ya mwezi kwenye mhimili mmoja, na ya Goma kwenye mwingine. Kama hakuna kilichobadilika, nukta zinapanda kwa mstari ulionyooka, hata kama mji mmoja hupata zaidi. Mstari ukipinda na kubaki umepinda, kuna kitu kimetokea mahali fulani: faneli mpya, mti uliokua, uzio, au silinda ya kabatini. Mkunjo huo hauelezi ni upande gani umekosea, kwa hiyo unatafuta kituo cha tatu.

Ila njia hii inataka mfululizo, na Rwanda ilipoteza sehemu kubwa ya vituo vyake mwaka 1994. Ilichukua takribani miaka kumi na mitano kuvirudisha. Katika mradi wa ENACTS, Meteo Rwanda na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Columbia walijaza pengo hilo kwa kuchanganya picha za setilaiti na vituo vilivyosalia. Kazi nzuri, lakini setilaiti haioni maji yakigusa ardhi. Hukisia kutokana na mawingu, kisha husahihishwa kwa vipimamvua. Faneli iliyopungukiwa asilimia kumi huirithisha setilaiti upungufu huo, na setilaiti huusambaza wilaya nzima.

Ndiyo maana kanuni muhimu kuliko zote katika sura hii ni ile inayovunjwa mara nyingi zaidi: chombo kipya kikija, cha zamani kisiondolewe. Viwekwe pamoja, visomwe pamoja, angalau mwaka mmoja, na miwili ni bora, ili misimu ya mvua ya Itumba na Umuhindo yote miwili iwe imepita juu yavyo, maana mvua za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Desemba haziji na upepo uleule. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba mfadhili huleta kituo cha kujiendesha chenye paneli ya jua, picha hupigwa, na faneli ya zamani hung’olewa mchana huohuo ili uwanja upendeze.