Mchezo wa video wawasaidia waliozaliwa na mtoto wa jicho

Kwa miaka mingi madaktari waliamini kwamba aliyezaliwa na mtoto wa jicho, hata akifanyiwa upasuaji, uoni wake hauwezi kuboreka tena akishakuwa mtu mzima. Imani hiyo ilitikiswa mwaka 2012 na watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, nchini Kanada, kwa kutumia kitu ambacho wazazi wengi hukiona kuwa ni kupoteza wakati: mchezo wa video.

Mtoto wa jicho ni ukungu unaotanda kwenye lenzi, nyuma ya mboni. Mzee akiondolewa ukungu huo na kuwekewa lenzi ya bandia, kwa kawaida huanza kuona vizuri mapema, kwa kuwa ubongo wake ulikwisha kujifunza kuona tangu utotoni. Kwa mtoto mchanga mambo ni tofauti. Ubongo wake ndio kwanza unajifunza, na mwalimu wake ni mwanga unaoingia machoni. Mwanga ukikosekana katika miezi ya mwanzo, njia za fahamu hazijengeki sawasawa.

Hayo yalidhihirishwa na David Hubel na Torsten Wiesel, waliofunga jicho moja la paka wachanga. Jicho lilipofunguliwa baadaye lilikuwa zima, lakini ubongo haukulijali tena. Kazi yao juu ya ubongo na uoni iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Ndiyo maana wako watu wazima waliopasuliwa wakiwa wachanga, na bado hakuna miwani inayoweza kuwasomesha maandishi madogo.

Profesa Daphne Maurer na wenzake waliwapa watu wachache wa aina hiyo Medal of Honor, mchezo wa vita ambao mchezaji huuona uwanja kwa macho ya askari. Waliucheza kwa saa 40 katika wiki nne. Wengi wao walimaliza wakisoma herufi ndogo zaidi kwenye ubao wa kupimia macho, na wakitambua vyema zaidi nyuso na mwelekeo wa vitu vinavyosogea.

Kwa nini mchezo wa vita? Adui huweza kutokea upande wowote, hivyo jicho halipumziki, na kila kosa huonekana papo hapo. Maurer alieleza pia kwamba msisimko huo huenda huchochea kemikali zinazourahisishia ubongo kubadilika.

Waliopimwa walikuwa wachache mno kuweza kuufanya mchezo huo kuwa tiba. Wala haukuondoa ukungu wenyewe. Kazi hiyo imebaki kuwa ya kisu cha daktari, kama inavyofanyika kwa watoto katika hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam. Mzazi aangalie weupe ndani ya mboni, au macho yasiyomfuata mama anapopita, na asisubiri mtoto akue.