Mama Akifungua Dirisha Usiku wa Manane

Sogeeni, wanangu. Hapa Nengo, upande wa Rwanda wa Ziwa Kivu, giza likiingia, tazameni ziwani: mitumbwi mitatu mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu. Ni wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu. Wakiwasha taa, samaki hufuata mwanga. Sasa mvuvi akiwaambia taa yake mpya inavuta samaki wengi kuliko ile ya zamani, mtahakikishaje? Hamtahesabu samaki wa usiku mmoja. Mtahesabu usiku baada ya usiku, na mtahesabu pia samaki wa mwenzake mwenye taa ya zamani.

Kuna watu wanaohesabu hivyo kuhusu afya. Wanaitwa wanaepidemiolojia. Daktari humtibu mgonjwa aliye mbele yake. Wao huwafuata mamia ya watu, wagonjwa na wazima, miaka nenda miaka rudi, wakiuliza nani anaumwa, nani haumwi, na kwa nini.

Mmoja wao ni Kathryn Anastos, daktari wa Bronx, New York, aliyekuwa akiwafuatilia wanawake wenye VVU tangu miaka ya 1990. Alipofika Kigali alikuta akina mama walionusurika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, baadhi yao wakiwa wametendewa ukatili na kuambukizwa virusi. Kwanza walitafutiwa dawa; utafiti ulifuata. Mwaka 2005, yeye na wenzake Wanyarwanda wakaanza utafiti uitwao RWISA: wanawake 710 wenye VVU, na 226 wasio navyo.

Hao 226 wa nini? Hao ndio mtumbwi wenye taa ya zamani. Mama mwenye virusi akilalamika uchovu, ni virusi, ni dawa, ni majonzi, au ni umri tu? Bila kumtazama jirani yake asiye na virusi, hamtajua. Mimi nawaheshimu sana wanawake hao: walikubali kutolewa damu na kujibu maswali ili mwenzao aeleweke.

Haya, pigeni hesabu. Aliyekuwa na miaka 35 mwaka 2005 alitimiza 50 mwaka 2020. Ugonjwa uliokuwa ukiua vijana sasa unamwacha mtu azeeke, na makamo yana mambo yake. Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55, kwa sababu ovari zimepunguza homoni ya estrojeni. Mama anaamka usiku wa manane, joto limempanda mwilini, shuka limelowa jasho, anafungua dirisha upepo wa ziwa uingie, na nyinyi mnagombania blanketi. Hana malaria, wala hajamkasirikia mtu.

Hali hiyo huchukua muda gani? Marekani, utafiti wa SWAN uliwaandikisha wanawake zaidi ya 3,000 wa miaka 42 hadi 52, katikati ya miaka ya 1990. Miongoni mwa walioujenga alikuwa MaryFran Sowers wa Chuo Kikuu cha Michigan, aliyeipa mifupa ya wanawake sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi. Kwa kuwauliza walewale mwaka hadi mwaka, watafiti waligundua kwamba nusu ya wanaosumbuliwa sana na joto hilo husumbuliwa kwa zaidi ya miaka 7; kwa wanawake weusi, kama 10. Mifupa nayo huanza kupungua kwa kasi mwaka mmoja hivi kabla ya hedhi ya mwisho. Kipimo cha siku moja kisingeona hayo.

Lakini mama anayevuka mpaka kwenda Goma na kapu la mboga kichwani hayumo katika daftari la Michigan. Mifupa yake imebeba mengine. Lazima ahesabiwe hapa, na watu wanaojua lugha yake.

Basi mama akifungua dirisha usiku, msimnunie. Asubuhi mwulizeni kwa adabu: ilianza lini, huja mara ngapi? Mkiruhusiwa, andikeni tarehe.